Koti Langu la Mvua na Sufuria ya Nyanya

Koti langu la mvua halichaniki. Nililinunua mitumbani Jinja, hapa Uganda, zito, la kijani, na kwa miaka sita limeshinda pikipiki mbili na mbwa mmoja. Mimi ni Mkenya, nauza mapazia Bugembe. Mapazia, jamani! Lakini nikilivaa na kuongea Kiswahili changu cha nyumbani, watu wananidhani mwanajeshi, maana huku Kiswahili ni lugha ya jeshi, na wananipisha: "Pita, afande." Nisiseme uongo, nilikuwa nafurahi.

Mchumba wangu alilelewa na nyanya yake, huko Mbale, nyuma ya maghala ya viwandani. Nyanya akikataa, hakuna ndoa. Siku ya kujitambulisha mvua ilinyesha vibaya sana. Mchumba akakimbilia dukani kununua sukari, akaniacha nibishe peke yangu.

"Hodi! Fungua, nyanya!" nikaita kwa sauti ya kiume. Mjinga mimi.

Mlango ukafunguka kidogo. Ukatoka mkono, na mkononi sufuria ya maharagwe, bado ya moto.

"Chukua, afande. Watu hapana hapa."

"Nyanya, mimi ndiye mchumba!"

"Ile ingine mulichukua zamani. Chukua na hii. Wacha sisi."

Nikabaki mvuani nimekumbatia maharagwe, vidole vinaungua.

Mchumba aliporudi alicheka hadi sukari ikalowa. Akamweleza nyanya kwa Kigisu kwamba mimi ni mtu wa mapazia tu. Nyanya akanikagua juu mpaka chini. Enzi za utawala wa jeshi, akasema, wanaume wenye makoti kama hili na Kiswahili kama changu walichukua sufuria ya harusi yake. Hata kifuniko hawakumwachia.

"Wewe nasema kama wao. Rudisha sufuria kwanza."

Haki ya Mungu, nilikasirika! Wakati huo sikuwa hata nimezaliwa, na nchi yenyewe si yangu!

Wiki iliyofuata nilitoka Jinja na sufuria nzito kuliko zote sokoni, nimeipakata safari nzima. Koti nililiacha nyumbani, kwa hiyo nilifika nimelowa chapachapa. Nyanya akaigonga sufuria kwa kidole, akaisikiliza.

"Ile ilikuwa kubwa."

"Nisamehe, nyanya," nikasema, sijui kwa nini.

Akafuta macho kwa mkanda wa gomesi, gauni lake refu.

"Miaka yote hii," akasema, "hapana mtu alisema hivyo. Ingia, mjukuu wangu. Kula."