Jumamosi ya Mwisho ya Mwalimu Nkatha

Kila Jumamosi alasiri, walimu wa Kiingereza waliotoka Kenya na Kongo walikutana ugenini, mtaani Kensington, nyumbani kwa Mwalimu Nkatha, wakacheza dama. Kwa miaka minne mwenyeji wao hakushinda hata mara moja, na Jumamosi hiyo ya mwaka 2018 ilikuwa ya mwisho kabla hajarejea Meru.

“Leo sikuachii!” Nkatha alimtambia Emery, mwalimu kijana wa Bukavu.

Kweli, Emery alinyanyua kete ambayo kuisogeza kungempa Nkatha ushindi. Lakini mama huyo, aliyesahihisha wanafunzi miaka thelathini, hakuweza kunyamaza.

“Hebu tazama tena, mwanangu.”

Emery akatazama, akala kete tatu mfululizo, mchezo ukaisha.

“Eish, Mama! Hata leo?”

“Mola ameniumba mwalimu,” akajibu Nkatha akicheka. “Haya, panga kete upya.”