Wakili Aliyepiga Magoti

Mkuu wa shule aliikubali mahakama yangu ya kuigiza kwa sharti moja: mshtakiwa awe yeye mwenyewe.

"Nikiona utovu wa adabu, mwalimu, mchezo huu unaishia hapo hapo. Utarudi kuandika noti ubaoni kama wenzako."

Mimi na noti tena! Bora angeniambia nikachunge ng'ombe. Kwa noti, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Igoma walikuwa wameikariri Katiba kama sala, lakini ukiwauliza inawahusu nini, wanakukodolea macho. Tangu tuanze kuigiza kesi wamekuwa wakibishana mpaka kwenye foleni ya uji. Nilikuwa sitaki kuwapoteza, jamani.

Kesi tuliitunga wenyewe. Mwenyekiti wa kijiji amemfukuza mama mmoja sokoni kwa sababu amesikia watu wakisema dagaa wake wana mchanga. Hakumwita wala hakumuuliza neno; hata mama alipomwendea kumwamkia, alimpita tu. Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa, kwa hiyo mama kaenda mahakamani. Jaji wetu alivaa joho la kwaya la dada yake, limemfika magotini tu, lakini uso kaukunja kweli kweli.

Wakili wa mama alikuwa binti wa kutoka Busisi, mpole kupita kiasi. Wiki nzima nilimfundisha: simama wima, mtazame mwenyekiti usoni, muulize. Anaitikia "ndiyo mwalimu," huku anatazama sakafu. Kwao, kama kwetu sote Usukumani, binti hamkazii macho mtu mzima.

Siku ikafika. Mkuu, ndiye mwenyekiti wetu wa kijiji, akaketi kizimbani, mikono kifuani. Binti akamsogelea, akasimama kidogo, kisha akapiga magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Mkuu alijibu kwa mazoea, akajishtukia.

Darasa likaangua kicheko. Jaji akagonga meza kwa kiatu. Mimi nikajisemea, basi, kwisha habari yangu, kesho ni chaki na noti.

Binti hakuinuka. Akasema kwa sauti ile ile ya upole, "Mzee, nimekuamkia, umeniitikia. Hukuanza kwa kuuliza watu wananisemaje."

"Ndiyo."

"Yule mama naye alikuja kwako akapiga magoti. Ulimwitikia?"

Kicheko kilikatika. Mkuu alifungua mikono, akaiweka mapajani. Mimi nikawa nimeshikilia dirisha bila kujua.

"Sikumwitikia," alisema.

"Nimemaliza, mheshimiwa jaji," binti akasema, akainuka, akapangusa vumbi la magotini.

Mama alishinda, bila shaka. Wanafunzi walipiga kelele mpaka wa darasa la jirani wakachungulia. Mimi nilibaki nikimngoja mkuu aseme lake.

Alinifuata nje barazani.

"Mwalimu, hii mahakama yenu ina rufaa?"

"Ipo, mkuu."

"Basi Ijumaa ijayo nakata rufaa."

Ijumaa ijayo! Nilicheka peke yangu kama mwehu, machozi yananitoka. Nilitamani kumkumbatia, ila mkuu ni mkuu.

"Na wakili wangu," akaongeza, "awe yule binti."

"Haiwezekani, mkuu. Ni wakili wa yule mama."

Aligeuka kuangalia mlango wa darasa, akatikisa kichwa.

"Basi nimekwisha."