Mgongo Ambao Sikuukagua

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai inanipoa mkononi. Nitakusimulia, lakini polepole. Leo nimetoka kumwogesha mama wa nyumba ya pili, na kiuno changu si kile cha zamani.

Nimesikia umepewa kazi ya kukagua wanaohudumia wagonjwa majumbani. Nimefurahi, nisikufiche. Nimekiona na kishikwambi chako, maswali yote yamo ndani, unabonyeza tu. Sisi tulikuwa na karatasi. Ila kitanda cha mgonjwa hakijabadilika, ndiyo maana nataka unisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na ndoto nilikuwa nazo gunia zima. Nilijiona nimevaa sare nyeupe, nimekaa kiti cha mbele cha gari la ofisi, watoto wa vijijini wananipungia. Kikundi cha kanisa letu hapa Tunduma kilikuwa kimeanza huduma ya wagonjwa wa muda mrefu. Kila nyumba yenye mgonjwa ilichagua mtu wake mmoja, akapewa semina ya siku nne, akafundishwa kuogesha, kulisha, kugeuza. Halafu akatakiwa mtu wa kupita kila mwezi kuona kama kazi inafanyika na mgonjwa yuko salama. Wakanichagua mimi kwa sababu ya ule mwandiko. Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani, peke yangu, kama mwehu.

Nilipewa vijiji vya upande wa Msangano. Napanda lori la mazao alfajiri, natoka kwenye baridi ya huku, tunateremka hadi joto linatupokea, kisha natembea kwa miguu nikiimba. Jumapili iliyotangulia, kanisani kwao, huwa wameshatangaza: "Jumatano mkaguzi atapita, jiandaeni." Niliona ni adabu. Mgeni wa heshima hamvamii mtu. Wahenga wenyewe walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikujiuliza anapona vipi kama mgeni ameishia sebuleni.

Kulikuwa na mzee mmoja huko, Mzee Simbeye. Alikuwa mkulima wa ufuta, mtu wa maneno mengi na kicheko, mpaka kiharusi kilipomwangusha upande mmoja. Mkewe alishatangulia. Mwanawe mmoja alikuwa dereva wa malori ya kwenda Zambia na Kongo, akiondoka ni wiki tatu, nne. Aliyebaki na mzee ni Eliza, mke wa huyo mwana, binti mpole wa rika langu. Yeye ndiye aliyekwenda semina. Cheti chake walikibandika ukutani, karibu na kalenda.

Nikifika, uwanja umefagiwa mpaka michirizi ya ufagio inaonekana. Nawekewa kiti, naletewa chai na karanga za kukaanga. Mlango wa chumba cha mzee uko wazi nusu, namwona kalala, shuka safi hadi kidevuni, pembeni kuna majani ya mkaratusi yaliyotwangwa, yananukia vizuri. Namsalimia kutoka pale pale nilipokaa, "Shikamoo babu!" Ananijibu kwa ule mdomo mzito. Mimi nafungua karatasi.

"Anaogeshwa?"

"Anaogeshwa, dada."

"Chakula?"

"Anakula. Jana uji kaumaliza wote."

"Anageuzwa kila baada ya saa mbili?"

Hapo Eliza alikuwa anainuka kuniongezea chai. "Anageuzwa," anasema, huku amenipa mgongo.

Naweka tiki. Miezi mitatu, tiki zimejipanga kama mahindi shambani. Kwenye kikao waliniinulia karatasi zile wenzangu wazione. Nikaona sare nyeupe imekaribia.

Mwezi wa nne nikaambiwa nifuatane na Mama Namwinga. Huyu alikuwa nesi mstaafu, mfupi, mnene, sauti ya kukwaruza. Aliniambia mapema, "Safari hii hatutangazi." Nikamwambia Mama, watu watatushangaa. Akasema, "Waache washangae. Ugonjwa nao haukutangaza."

Tulipofika, Eliza alikuwa anapepeta mpunga. Alipotuona, ungo ulimponyoka. Akakimbilia kiti. Mama Namwinga hakukiangalia kile kiti. Alipita moja kwa moja chumbani. Siku hiyo majani ya mkaratusi hayakuwepo, mwanangu, na ndipo nilipojua kazi yake. Harufu iliyokuwa mle ndani sitaisema, ila nilisimama mlangoni nikashika pua.

"Habari za mgongo, mzee?" Mama Namwinga akauliza, ameshapiga magoti.

Mzee akageuza jicho lake zima, akaniona mimi. Akasema polepole, neno kwa neno, "Mgongo wangu sijauona siku nyingi. Muulize huyo binti. Yeye ndiye anayeuandika."

Alikuwa anatania, ujue. Hata pale alikuwa anatania.

Mama Namwinga akafunua shuka, akamvuta taratibu upande. "Njoo," akaniita. Sikusogea. "Njoo hapa usome! Si unajua kusoma wewe?" Nikasogea. Begani kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja. Juu ya makalio kulikuwa na kingine, na hicho kilikuwa kimechimba ndani. Mtu aliyelala chali bila kugeuzwa kwa wiki nyingi, nyama yake inaoza angali hai.

Nikatoka nje na hasira. Nilitaka kumpata Eliza. Nilimkuta amekaa chini nyuma ya jiko, khanga usoni. Nikamwambia, "Umenidanganya! Cheti kile cha nini?"

"Dada," akasema, "yule ni mkwe wangu. Nimshikeje?"

Labda wewe umekulia mjini hujui. Kwetu Wanamwanga, mke wa mwana hamgusi baba mkwe wake. Haketi kitandani kwake, hamtazami akiwa hana nguo, nyumba nyingine hata jina lake halitaji. Ni heshima, si chuki. Eliza alikuwa anapika uji mzuri, anauacha mlangoni, na jirani akipita anaombwa amlishe mzee. Kuoga na kugeuzwa kulimsubiri mumewe arudi na lori. Siku za ukaguzi alimwomba jirani huyo huyo atandike shuka. Kwenye semina walifundishwa wote pamoja, naye akaona aibu kusimama mbele za watu aseme mimi hii siwezi. Na mimi, Mnamwanga mwenzake, niliyeujua ukwe tangu utotoni, sikuuliza hata siku moja ni mkono wa nani unaomgeuza mzee.

Mama Namwinga alikuja akasimama juu yetu. Nilidhani atamfokea Eliza. Akanigeukia mimi.

"Unamgombeza nini? Huyu alikuwa anakungoja wewe. Miezi mitatu anangoja mtu aingie kule ndani aone, ili yeye asilazimike kusema. Mwenye aibu hasemi, anaonwa. Wewe ukaja kutafuna karanga."

Nikaanza kulia. Akasema, "Utalia baadaye. Chota maji."

Tukamwosha mzee, mimi na yeye. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumgusa, na nilikuwa nimeshaandika habari zake mara tatu. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Mikono yako baridi, binti." Akapumua. "Lakini si haba."

Siku zile zile Mama Namwinga aliita ukoo. Akaja shangazi, dada wa Mzee Simbeye, mwanamke mkali mwenye fimbo. Walikaa, wakachinja kuku wa kuufungua mwiko ule, shangazi akamshika Eliza mkono, akamwingiza chumbani na kikombe cha maji, akasema, "Kuanzia leo huyu si mkwe, ni mwanao. Akushike." Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, mwanangu. Asubuhi moja tu. Ingeweza kufanyika mwezi wa kwanza.

Eliza alimhudumia kwa moyo. Gari lilipatikana, mzee akapelekwa hospitali, akarudishwa. Nilikwenda kila wiki kwa nauli yangu. Kidonda cha begani kilifunga. Cha chini hakikufunga. Mvua za kwanza hazikumkuta.

Msibani, mwanawe alisimama kutoa shukrani. Akashukuru majirani, akashukuru kanisa, kisha akasema, "Na tunamshukuru dada yetu mkaguzi, alikuwa hapa kila mwezi." Watu wakanigeukia. Hujawahi kushukuriwa hivyo, na nakuombea usishukuriwe. Watu walipotawanyika nilimfuata, nikamweleza yote, tiki kwa tiki. Akasema bila ukali wowote, "Nikiwa barabarani moyo ulikuwa unaniuma, dada. Kisha najiambia, si mkaguzi anapita? Nakanyaga, naendelea."

Hilo ndilo lililonichosha mpaka leo. Nisingekwenda kabisa, yule kijana angegeuza lori. Nilikwenda, nikamtuliza asiyetakiwa kutulia.

Basi sikia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hutawajua kwa kuuliza kutoka mlangoni. Usipeleke habari kwamba unakuja, au kama lazima upeleke, rudi siku nyingine bila kusema. Msalimie mgonjwa kabla ya mwenye nyumba, na usimsalimie ukiwa umekaa mbali. Omba ruhusa yake, kisha tazama mgongo, tazama visigino, angalia kama maji yako mahali mkono wake unafika. Mtoe anayemhudumia nje kidogo, ili mgonjwa aseme. Kisha nenda nje, kaa na yule anayehudumia, maana naye ana lake. Muulize kipi kinamshinda. Usimuulize kama askari. Wengi wanaofanya vibaya hawana roho mbaya, wana aibu, au wamechoka, au mila imewafunga mikono, na wanamtafuta mtu wa kuwafungulia. Ukimkuta mwenye roho mbaya kweli, na wapo, usimwonee haya. Sema kwa wakubwa siku ile ile. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, lakini aibu ya aliye hai wewe unatakiwa uijue mapema.

Na jambo usiloliona kwa macho yako, liache wazi. Wakubwa watakukaripia kwa nafasi tupu. Kubali kukaripiwa. Mimi nilisifiwa, na unaona nilivyo.

Utachoka, mwanangu. Nyumba hizi haziishi, wanapona wachache, na sare nyeupe yenyewe sikuivaa kamwe. Ukichoka, pumzika kivulini, kunywa maji, kisha ingia nyumba inayofuata kama vile ndiyo ya kwanza.

Nenda, Mungu atangulie mbele yako kwenye kila mlango. Akupe macho yasiyogeuka pembeni na maneno laini kwa wenye haya. Na siku ambayo wewe utalala usiweze kujigeuza, aje mtu akufunue kwa upole, akutazame, asione kinyaa.