Tulipanga Wote

Kwa miaka kadhaa nimeshikilia, mbele ya ndugu, majirani na mume wangu, kwamba yule mwanamke aliyemng'ang'ania mkono wakili wa serikali kwenye korido ya Mahakama Kuu hapa Mwanza, akimshukuru kwa machozi kwa kukubali kumtetea mdogo wake, hakuwa mimi. Nilisema ni mtu tuliyefanana vitenge. Nilisema Mwanza ina wanawake wengi wanene wenye miwani.

Ni mimi. Kitenge kilikuwa changu, machozi yalikuwa yangu, na ile hotuba iliyojaa "Mungu akuzidishie, baba" niliitunga mwenyewe ndani ya gari tangu Kiseke, nikaifanyia na marekebisho pale kwenye mataa. Kijana wa watu, tai imekaa sawa, faili kwapani, aliniacha nimalize yote. Halafu akautoa mkono wake taratibu kwenye mikono yangu miwili.

"Pole, mama," alisema. "Mimi ndiye ninayemshtaki."

Naomba nijitetee kidogo. Katika lugha yetu hii, wakili wa serikali ni yule anayesimama upande wa mashtaka. Yule anayemtetea mshtakiwa asiye na uwezo naye hulipwa na serikali, lakini haitwi wakili wa serikali, na hakuna mtu aliyeona haja ya kutueleza. Karani wa mahakama alituambia tu, "Msihangaike, atapangiwa wakili, serikali itamlipa." Maneno hayo nikayabeba mpaka Usagara kwa mama, na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo, mwenye shahada na makala magazetini, nikayafupisha: "Mdogo wetu amepewa wakili wa serikali." Nusu ya mateso yaliyofuata yalitoka kwenye ufupisho huo.

Mdogo wangu ndiye kitindamimba wetu. Ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na wakati huo alikuwa akiishi Igogo na mwenzake wa karakana, chumba kimoja, vitanda viwili. Asubuhi moja mfanyabiashara wa dagaa alikutwa amekufa kando ya ziwa, si mbali na nyumba yao. Polisi walipofika, yule mwenzake alikuwa ameshatoroka. Simu ya marehemu ilikuwa chini ya godoro la huyo aliyetoroka. Kwenye kitanda cha pili alikuwa amelala mdogo wangu, na kwa kuwa ndiye aliyekuwepo, ndiye aliyechukuliwa.

Kesi ya mauaji haina dhamana, na ukipatikana na hatia adhabu yake ni kunyongwa. Mama alipolielewa hilo alitaka kuuza ng'ombe wote tukamtafute wakili wa kulipa, yule mwenye ofisi ya vioo mjini. Nilikwenda kwenye vioo hivyo. Nikarudi na bei yake, na mama hakuuliza zaidi, kwa sababu alijua ng'ombe wake na mimi nilikuwa nimejua vioo.

Ndipo zikaja hizo habari za wakili wa bure, nami nikamwendea mama nazo kama aliyeleta mvua.

"Wakili wa serikali?" mama aliuliza. Alikuwa anakata viazi vya kuanika michembe, na kisu hakikusimama. "Wamkamate wao, wamshtaki wao, halafu wamtetee wao? Hii ngoma ya nani?"

Nikampa somo. Nilimweleza haki ya kusikilizwa, nikamweleza Katiba, nikamweleza kwamba mtu anayeweza kupoteza uhai wake mahakamani haachwi asimame peke yake eti kwa sababu hana fedha. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Nilikosea jina tu la mhusika.

Kwa hiyo wiki mbili baadaye nilipofika mahakamani nikamuuliza mhudumu, "Wakili wa serikali yuko wapi?" naye, kwa usahihi kabisa, akaninyooshea kidole kwa yule kijana mwenye tai. Mengine nimeshayasema.

Nilipokuwa bado nimesimama na mikono mitupu, nilisikia mtu anacheka nyuma yangu. Alikuwa dada mrefu mwenye joho jeusi begani, mzaliwa wa Ukerewe, ambaye *r* na *l* zake zilikuwa zinabadilishana viti apendavyo yeye.

"Dada, wakiri wa mdogo wako ni mimi," alisema. "Huyo umemshukuru bure. Ila amefurahi, mwache. Hakuna anayewashukurugi."

Naona aibu kuandika kwamba jambo la kwanza nililoliwaza, kabla hata ya kumpa mkono, lilikuwa zile *r* zake. Nilifikiri: kwa lafudhi hii, mbele ya Jaji? Mtu niliyetoka kumlilia mshtaki nilikuwa sasa nachagua matamshi.

"Nina shida," aliendelea, akiwa hacheki tena. "Mdogo wako haongei na mimi. Nimekwenda gerezani, amenitajia jina lake akanyamaza. Nimerudi, akanyamaza. Ananiangaria kama mimi ndiye niliyemfunga. Na mimi siwezi kumtetea mtu ambaye sijui amefanya nini na hajafanya nini."

Siku ya kutembelea mahabusu nilikwenda. Mdogo wangu alikuwa amekonda shingo. Tulisalimiana kupitia waya, nikamuuliza kwa nini anamnyamazia wakili wake.

"Dada, yule si wa serikali?"

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Ulimwambia mama, mama akamwambia shemeji, shemeji akaja hapa akaniambia. Aliyenikamata serikali, anayenilisha haya maharage serikali. Nimweleze mambo yangu apeleke wapi?"

Nilianza kumpa somo lile lile nililompa mama. Katiba, haki, usikilizwaji. Nikaona macho yake yanahama kwenye uso wangu, yanakwenda ukutani, kama mtoto wa darasa la mwisho siku ya Ijumaa. Nilikuwa nampoteza. Muda wa kuonana ulikuwa mfupi na askari alikuwa ameanza kututazama. Basi nikafanya kitu ambacho sikukifanya tena mpaka leo: nikamsimulia ya korido. Nikamwonyesha nilivyomshika mkono yule kijana, nikamrudia hotuba, na kile kipande cha "mbarikiwe wewe na uzao wako."

Mdogo wangu alianza kutabasamu. Kisha akacheka. Akacheka mpaka akashika waya kwa mikono miwili, na wa pembeni yake, ambaye hakujua kinachochekesha, akacheka naye.

"Nyie," alisema askari magereza, "hapa si harusini."

"Kwa hiyo mshtaki ndiye umemwombea uzao," mdogo wangu alisema akijifuta macho.

"Ndiye."

"Na yule mwanamke mrefu, je?"

"Yule mahakama imekupangia wewe. Wa kwako. Ukimwambia jambo haliendi kokote. Hata mimi hataniambia."

Alifikiri. "Mwambie arudi," alisema. "Ila dada, naomba jambo hili la korido nimwambie mama." Nikamkatalia. Aliniahidi. Alimwambia.

Wakili alirudi gerezani, na safari hiyo alikaa huko asubuhi nzima. Alipotoka alikuwa anatembea upesi, kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Nilimkimbilia getini nikamuuliza amesema nini.

"Siri ya mteja, dada," alijibu. "Wewe kaandike."

Kesi ilipoanza kusikilizwa mama alikuja kutoka Usagara amevaa viatu vyake vya kanisani. Tulikaa benchi la nyuma. Shahidi aliyetutisha alikuwa askari mpelelezi, mtu mwenye sauti tulivu. Wakili wa serikali, yule wangu wa korido, alimtaka aeleze mshtakiwa alisema nini alipokamatwa.

"Mheshimiwa Jaji, alikiri," askari alijibu. "Alisema kwa mdomo wake: 'Tulipanga wote.' Yeye na huyo mwenzake aliyekimbia. Walipanga, huko huko Igogo."

Jaji akaandika. Nilimjua mdogo wangu, nikajua kwamba maneno hayo yanafanana naye. Ndivyo anavyosema. Nikageuka kumtazama mama anipe moyo, naye akaniinamia na kuninong'oneza, kwa ule mnong'ono wake unaofika mpaka barabarani:

"Hiyo ni kweli. Hata mimi aliniambia."

"Mama, nyamaza!" nilimwambia. Nilikuwa tayari kumziba mdomo kwa kitenge. Mimi ninayeishi kwa maneno, ninayesahihisha mabango ya maduka nikipita, nilikuwa nimekaa pale nikiamini kwamba mama yangu amethibitisha mauaji.

Wakili wetu akasimama. Hakufungua faili.

"Afande, kabla hajakujibu hivyo, ulimuuliza swari gani?"

"Nilimuuliza anamfahamu vipi huyo aliyetoroka."

"Akasema?"

"Kwamba walipanga wote."

"Sawa. Wewe afande unaishi wapi?"

"Nyakato."

"Kwenye nyumba yako?"

"Hapana. Nimepanga."

"Umepanga peke yako?"

"Nimepanga na mwenzangu mmoja wa kazini."

"Ninyi wawiri," wakili aliuliza, "mlipanga kumuua nani?"

Nilisikia kwanza pumzi za watu, halafu kicheko. Kilianzia benchi la mbele kikaja mpaka kwetu. Mhudumu wa mahakama akasema kimya, kimya, huku na yeye bega linamtikisika. Jaji aliinua uso, akavua miwani, akamtazama askari, akasubiri.

"Hiyo ni kupanga kwingine," askari alisema.

"Ahsante sana, afande," wakili alisema. "Sina swari zaidi, Mheshimiwa Jaji."

Wakili wa serikali alipoulizwa kama anataka kumrudia shahidi wake, alisimama, akafikiri, akasema hana swali. Alipokaa alinitupia jicho. Nadhani na yeye alikumbuka zile dua.

Mama alikuwa bado anaona tumemwonea. "Si nilikwambia ni kweli?" alisema tulipotoka. "Walipanga. Chumba kizuri tu, chenye saruji."

Nimeliwaza swali lile mara nyingi tangu siku hiyo. Ni swali dogo, mtu yeyote anayelipa kodi ya nyumba angeweza kuliuliza. Lakini mdogo wangu asingeliuliza. Angesimama kizimbani na shingo yake iliyokonda, Jaji angemwambia, "Una swali kwa shahidi?" naye angesema, "Si kweli, mheshimiwa," akakaa. Na askari hakuwa mwongo. Alisikia neno, akachukua maana iliyokuwa karibu na kazi yake. Kati ya maana hizo mbili za neno moja kulikuwa na kamba, na ilihitajika mtu mmoja, aliyesomea kazi hiyo, ambaye kazi yake kwa asubuhi hiyo ilikuwa kumtilia shaka kila aliyemnyooshea mdogo wangu kidole. Huwezi kuiachia bahati jambo la namna hiyo. Huwezi kumwachia dada mwenye shahada.

Nilimwomba radhi wakili wetu kwa niliyoyawaza siku ya kwanza kuhusu matamshi yake. Alicheka tu. "Jaji anaandika maana, dada," alisema. "Lafudhi hana karamu ya kuiandikia."

Upande wa mashtaka ulipomaliza mashahidi wake, Jaji alipanga siku ya kuamua kama mshtakiwa anayo hata kesi ya kujitetea. Mama alikataa kwenda. "Kama ni kamba," aliniambia, "nisiisikie mbele za watu. Na wewe ukae na mimi, usiniache na simu." Basi siku hiyo nilikuwa Usagara, jikoni kwake, nikijifanya nachagua mchele. Mama alikuwa anapika nyama na hakuwa ameweka chumvi, nilionja nikaifunika tena.

Simu ilipolia niliiangusha. Nikaiokota, ni wakili.

"Dada, uko na mama? Weka sauti kubwa."

Nikaweka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema tu, mwanangu, usinizungushe."

"Jaji amesema mwanao hana kesi ya kujibu."

Mama alinitazama mimi, akaitazama simu. "Hajajibu? Sasa atajibu lini? Mwambieni ajibu, yule mtoto hakufundishwa kiburi!"

"Mama, mama, nisikirize. Hatajibu. Hakuna cha kujibu. Imekwisha. Ameachiwa huru, yuko hapa nje na mimi, anahangaika na kamba za viatu, amesahau kuzifunga."

Mama aliweka mwiko chini, polepole, kama kitu cha kuvunjika. Kulikuwa na mkwaruzo kwenye simu, upepo, mtu anavuta pumzi.

"Mayu," sauti ya mdogo wangu ikamwita mama, "nakuja. Umepika nini?"