Bakuli la Nyota na Mzee wa Msasani

Aibu hii bora niisimulie mwenyewe, maana kule Tandika wanaitia chumvi mpaka haiwezi kulika.

Miaka ile ya ruksa (maduka yamejaa, sie walimu mifuko mitupu) nilikuwa nafundisha fizikia na nimepanga chumba huko huko Tandika, kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Ijumaa hiyo Mzee Shomari, baba yake Zuhura, angetoka Msasani baada ya swala aje aone anayemposa bintiye anaishije. Sasa asubuhi jamaa wa kiwanda cha aiskrimu akanipa barafu kavu, nayo haikai, ikifika jioni imeshakuwa hewa, nikasema aa, dakika chache tu, mzee mwenyewe hajafika. Nikafunga madirisha, nikaning'iniza blanketi, nikalowesha kitambaa kwa spiriti, nikakibandika ndani ya bakuli la kioo, nikalifunika na kuliweka juu ya barafu, nikapiga magoti na tochi.

Jamani, niliona. Michirizi myembamba ya ukungu, inatokea, inapotea, njia za chembe zilizoanzia safari huko mbali kwenye nyota. (Zinazotufikia ni vipande tu. Zile nzito adimu hewa inazivunja huko juu, ukitaka nzima kategee mwezini kusiko na hewa.) Nikawa nawaza huko mwezini bakuli lingeonyesha nini, mara mlango ukafunguliwa, mwanga ukajaa, michirizi ikafutika.

"Funga mlango wewe, unaniharibia!" nikafoka, nikidhani ni mpangaji mwenzangu.

Alikuwa Mzee Shomari na kanzu yake, na nyuma yake wapangaji wote.

"Shikamoo," nikasema, bado nimepiga magoti. Alikuwa ananusa.

"Unakunywa, kijana? Leo Ijumaa?"

"Hapana mzee, natega chembe za kutoka kwenye nyota. Hata sasa hivi zinakupita mwilini."

Akaitazama kanzu yake. Nikazidi kueleza, na kila nilichosema kilikuwa kweli tupu, na kila kweli ilinifanya nionekane mlevi zaidi.

"Umezipata?"

"Zile nzito mpaka mwezini, mzee."

"Basi kaoe huko huko." Akaondoka.

Nililia, sifichi. Zuhura akambembeleza babaye miezi, mpaka mzee akaniita Msasani na bakuli langu na barafu nyingine. Tukafunga madirisha, akapiga magoti kando yangu, mchirizi wa kwanza ukapita. Mkewe akafungua mlango na sinia la chai.

"Funga mlango wewe," mzee akafoka, "unatuharibia."

Zuhura nilimwoa. Ila siku za wageni, kwangu madirisha yote wazi.