Bustani Tuliyoiita Kwa Batoto

Mwanangu, siku ile lori lilipokuja kuwachukua watoto wa kambi yetu ya wafanyakazi hapa Likasi naikumbuka vizuri mno, na kila nikiikumbuka damu yangu inachemka. Usinione mzee ukadhani yameniisha. Hayajaniisha.

Mkubwa wa nchi alikuwa na mgeni, na mgeni huyo alipelekwa Kakanda kutazama machimbo. Siku zile mgeni hakupita mahali bila watoto kumchezea ngoma na kuimba sifa za Mkubwa. Halikuwa jambo la hiari. Mdogo wangu Mwape alikuwa amelala na homa, Mama amemfunika blanketi akitumaini atasahauliwa. Lakini mwakilishi wa Chama cha Mkubwa kambini kwetu, Sitwayeni Kafita, maana siku zile tulilazimishwa kuitana sitwayeni, yaani raia, alikuja mpaka mlangoni.

"Mutoto iko wapi?"

"Iko na homa, sitwayeni," Mama alijibu.

"Homa hapana sababu. Kama hakuye ku lori, kesho baba yake asiende ku kazi."

Baba alikuwa mchomeleaji katika kiwanda, na nyumba tuliyolala ilikuwa ya kampuni. Ungefanya nini wewe? Mama alimfunga Mwape kitenge kipya chenye sura ya Mkubwa, walichogawiwa watoto wote, akamshika mkono hadi kwenye uwanja ulio karibu na reli, pale lori liliposimama. Mimi nilikuwa msichana wa kuolewa, niliwasindikiza. Nilimsikia dereva kwa masikio yangu haya.

"Mukubwa, freni ya hii lori haishike muzuri."

"Peleka," Kafita alimjibu. "Bageni banangojea."

Lori halikufika. Breki zilikataa kwenye mteremko, likapinduka na watoto wote juu yake. Mwape alifia pale pale. Watoto wa jirani yetu Mama Mujinga (kwetu hilo ni jina la kawaida, si tusi), vijana wawili wapiga ngoma, walifia pale pale. Nyumba ngapi zilipata msiba siku ile sitaki hata kuhesabu.

Sasa sikiliza jambo linaloniuma hadi leo. Mgeni alikuwa bado yuko mjini, basi tukakatazwa kulia. Hapana kilio, hapana kukesha, hapana wimbo. Tuliwazika asubuhi na mapema kama watu wanaoficha wizi. Redio haikusema neno. Na kabla udongo wa kaburi haujakauka, Kafita alituma mtu nyumba hadi nyumba kudai vile vitenge, eti ni mali ya Chama. Mama alikiosha kitenge cha Mwape kwanza, akasugua damu mpaka maji yakawa meupe, akakikunja, akakitoa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, mwanangu, na yule mtu aliyekuja kukichukua naye alikuwa mzazi!

Mama Mujinga ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua kichwa. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume. Jumapili moja baada ya misa aliwakusanya akina mama nje ya kanisa.

"Banatukataza kulia. Sawa. Beko na nguvu ya kutukataza kupanda muti?"

Tukaanza na ule uwanja wa karibu na reli, mahali watoto walipopandia lori. Ulikuwa jaa la vyuma na vumbi, udongo wake umeungua kwa moshi wa kiwanda, hata majani yalikataa kuota. Tulichimba udongo wa kichuguu kule porini tukaubeba kwa mabeseni kichwani, safari kwa safari, mpaka shingo zikavimba. Kila mtoto alipandiwa mti wake. Mama alimpandia Mwape mpera, kwa sababu mapera yalikuwa ugonjwa wake. Mama Mujinga alipanda mijakaranda miwili. Baba na wenzake waliunga vipande vya chuma wakatengeneza mabenchi. Jioni watu walikuja kuketi, wazee wakazungumza, watoto wadogo wakacheza. Hatukuandika jina popote. Watu wenyewe walisema tu: twende Kwa Batoto.

Miti iliposhika, Kafita alikuja. Alizunguka bustani, mikono nyuma, akitabasamu.

"Minafurahi sana, bamama. Hii jardin Chama itaifungua. Tutaiita jina ya Mukubwa. Na batoto batacheza."

Batoto batacheza! Mwanangu, alitamka hivyo, amesimama kati ya miti ya watoto aliowapeleka kufa.

Alipoondoka nilikimbia nyumbani nikachukua panga. Heri pasiwe na bustani kabisa, nilijiambia, kuliko kuwapa na hii. Nilikuwa nimeinua panga juu ya mpera wa Mwape wakati Mama Mujinga aliponidaka mkono, na kucha zake zikaingia nyamani.

"Weye! Ule muti iko na makosa gani? Mwape alikufa mara moja. Unataka kumuua tena na mukono yako?" Akaninyang'anya panga. "Kasirikia muntu, hapana muti."

Nililia mbele yake kwa hasira. Hakunibembeleza. Aliniacha nilie, kisha akaniambia tutakachofanya.

Siku ya ufunguzi walileta kibao chenye jina la Mkubwa, wakaleta viti vya wakubwa na askari wao. Ngoma ikapigwa. Hakuna mtoto aliyecheza. Mama zao walikuwa wamewashika. Mama Mujinga akasimama. Siku zile majina ya ubatizo yalikatazwa, ukilitaja lako unaitwa msaliti. Yeye akaita kwa sauti yake yote:

"Petro Kasongo! Yohane Monga! Batoto yangu!"

Akaketi chini, akafungua kitambaa kichwani, akalia. Mama yangu akafuata: "Tereza Mwape!" Halafu mwingine, na mwingine, mpaka uwanja mzima ukawa kilio, kile kilio walichotunyima. Kafita alipiga kelele, hakuna aliyemsikia. Wale wakubwa wakainuka vitini mwao, wakaondoka bila kuaga.

Usidhani tulishinda. Mama Mujinga walimfunga, akarudi na sikio moja lisilosikia tena. Baba alifukuzwa kazi na sisi tukatolewa nyumbani. Tulihamia kwa shangazi kando ya ziwa Tshangalele, na baba, fundi yule, akafa akiwa mbeba samaki wa watu. Kafita alipandishwa cheo. Alikufa mzee, kitandani mwake, amezungukwa na wanawe. Mnyonge hana haki, walisema wahenga, na mimi sijawahi kumsamehe yeyote. Padre anajua.

Lakini bustani ilibaki, na tuliporudi mjini tuliikuta imejaa kivuli.

Ndiyo maana leo, niliposikia vijana wa hapa mnataka kuikata vipande muuze viwanja, sikulala. Mnasema hamkuwajua hao waliokufa. Nami nawauliza: Kafita naye, alipowapandisha lori, aliwajua?

Basi shika nasaha yangu, mwanangu. Watu watakwambia hasira hasara. Ni kweli kwa anayeikata miti yake mwenyewe. Lakini kunyamaza nako ni hasara, tena kubwa zaidi. Ukionewa, kasirika, ila jua unamkasirikia nani. Usimruhusu aliyekuulia mtu wako akuchagulie na namna ya kumlilia. Na mahali watu walipoweka machozi yao usipapime kwa kamba. Waite wafu wako kwa majina yao, yote, kwa sauti, hata kama askari amesimama pale.

Nenda sasa. Mungu akupe watoto, mwanangu, na akujalie wao wakuzike wewe, wewe usimzike hata mmoja.