Shangazi wa Ndama

Fowsiya alimwacha wifi yake, Saynab, nyikani na kichanga, na kichanga kikafa. Saynab hajawahi kuliita jambo hilo kwa jina jingine.

Kwao Kotile, mwanamke akijifungua hutunzwa na wifi zake. Arubaini nzima hashiki kuni wala maji, na mji ukihama kufuata malisho hupandishwa ngamia. Kiangazi kile walipohama, ngamia wa Saynab alipakiwa nguzo na mikeka ya nyumba ya Fowsiya.

"Kaa kivulini, abaayo, dada yangu," Fowsiya akamwambia. "Tukishatua tutakurudia."

Hawakurudi. Saynab alijikokota kuwafuata mpaka maziwa yakamkauka. Mtoto, ambaye hata jina alikuwa hajapewa, akazikwa kando ya njia ya kwenda silangani, kwenye bwawa la kuchotea maji.

Miaka imepita, na mwaka huu mvua imekosekana tena. Asubuhi moja wanawake walikuwa silangani wakichota maji ya mwisho walipotokea ndovu. Waliacha mitungi wakarudi nyuma hadi kwenye miiba, Fowsiya akiwa miongoni mwao. Ndama mmoja aliteleza, akazama topeni hadi tumboni, akalia.

Majike yote yalimkimbilia. Moja lilipiga magoti likamtia mkonga chini ya tumbo. Jingine lilibomoa ukingo kwa miguu, kidogo kidogo, hata pakawa na mteremko. Kikongwe wao alisimama akiwatazama wanawake, masikio wazi, asiwaache wasogee.

"Mama yake ni yupi?" akanong'ona Ruweyda, jirani yake Saynab.

"Nimeshindwa kumjua," Saynab akajibu. "Wote wamekuwa mama."

Ndama akatoka. Wakamweka katikati, wakaenda kwa mwendo wake.

"Mashangazi hao," Ruweyda akasema.

"Ndiyo. Hawana mikeka ya kupakia."

Fowsiya akainama kutafuta mtungi wake.

"Abaayo, yale yalikuwa ya Mungu."

"Kifo ni cha Mungu," Saynab akasema. "Ngamia ulimpakia wewe."

Fowsiya alijitwika maji akaondoka. Alipofika penye kaburi aligeuza uso upande wa pili, kama afanyavyo kila siku.

Saynab hataki fidia ya mbuzi wala ngamia. Wazee walikwisha kuwataja akawakataa. Anachodai ni Fowsiya asimame pale kaburini, mbele ya wanawake walewale waliohama naye, aseme kwa kinywa chake kwamba alimwacha mzazi na kichanga chake. Hajasema. Na wale wanawake, walioona mikeka ikipakiwa wakanyamaza, nao hawajasema.